Nani Mwenye Ujuzi: Fundi au Mashine?

Mashine za CNC, yaani zile zinazochonga kwa amri ya kompyuta, siku hizi zimeingia hadi kwenye nyumba za watu. Mtu anachora kibao cha jina la mwanawe kwenye kompyuta, anafunga ubao mezani, kisha anakaa pembeni kuangalia kisu kikichonga. Anafanya hivyo kwa kujifurahisha tu. Lakini nyuma ya starehe hii kuna ugomvi wa zamani ambao nadhani unatuhusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons wa Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Yeye na mhandisi wake, Frank Stulen, walikokotoa vipimo kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Wazo likaja: kwa nini namba hizo zisiongoze mashine yenyewe? Jeshi la Anga likatoa fedha mwaka 1949, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 mashine ikaonyeshwa hadharani. Parsons, ambaye hakuwa na digrii, alikuwa ameshawekwa kando.

Njia nyingine ilikuwepo. Kampuni ya General Electric ilibuni mashine ya kurekodi: fundi anachonga mara moja, utepe unanasa mikono yake, mashine inarudia. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, anadai njia hiyo ilitupwa kwa sababu iliacha ujuzi kwa fundi, wakati mabosi waliutaka ofisini.

Mwaka 1959 MIT iliwaita waandishi wa habari kutangaza APT, lugha ya kuziamuru mashine hizi. Waliondoka na zawadi ya visahani vya majivu ya sigara vilivyochongwa na mashine. Ningekuwepo ningeuliza: na fundi je?

Mwaka 2009 ikatoka Grbl, programu ya bure inayoendesha mashine ndogo kwa bodi ya bei nafuu ya Arduino. Hapo mchoraji na mchongaji wakawa mtu mmoja tena.

Sasa fikiria mafundi wetu wa Keko. Wanajua mninga unavyokatika na ubao gani utapasuka. Kompyuta haijui hayo mpaka iambiwe. Mashine hizi zikienea Keko, atakayeziamuru ni fundi, au ni tajiri mwenye duka atakayemwajiri kijana wa kubonyeza kitufe? Mimi nasema fundi afundishwe kwanza. Wewe unasemaje?