Kupanga safari ya utamaduni nchini Peru: mambo ya kujua kabla ya kukata tiketi

Peru iko magharibi mwa Amerika ya Kusini, kati ya bahari ya Pasifiki na msitu wa Amazon, na katikati yake imepita milima ya Andes. Wengi wanaijua kwa magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa na Wainka katika karne ya 15. Lakini utamaduni wa nchi hiyo haukubaki kwenye magofu. Bado unaishi vijijini, kwa wakulima na wafugaji wanaozungumza Kiquechua, lugha iliyotumika katika dola la Inka.

Hata msikilizaji asiye na mpango wa kusafiri ana uhusiano na vijiji hivyo. Viazi mviringo tunavyolima Njombe, Nyandarua au Musanze asili yake ni milima hiyo ya Andes, na huko Peru wakulima bado wana maelfu ya aina zake.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kupanga safari hiyo. Mambo mawili huamua kama itafanikiwa: kalenda ya wenyeji na mwinuko wa milima.

Anza na kalenda

Katika milima ya Andes, kiangazi huwa takriban Mei hadi Septemba, na mvua nyingi hunyesha Novemba hadi Machi. Sherehe nyingi hufuata majira ya kilimo pamoja na sikukuu za Kikatoliki zilizoletwa na Wahispania. Kwa hiyo chagua kwanza unachotaka kukiona, ndipo upange tarehe.

Februari, mji wa Puno kando ya Ziwa Titicaca husherehekea Bikira Maria wa Candelaria kwa ngoma na bendi za matarumbeta. Mwezi huohuo, njia ya miguu ya Wainka inayoelekea Machu Picchu hufungwa ili ikarabatiwe.

Juni ndiyo mwezi wenye mengi. Tarehe 24, mji wa Cusco huadhimisha Inti Raymi, sikukuu ya jua. Watawala wa Kihispania waliipiga marufuku, na mwaka 1944 ikafufuliwa kama igizo kubwa la hadharani kwa lugha ya Kiquechua.

Mwezi huohuo, jamii nne za mkoa wa Cusco hukutana kwenye mto Apurímac kulisuka upya daraja la Q'eswachaka. Daraja hilo ni la kamba za nyasi tupu. Kila familia huleta kamba yake, kazi huchukua siku tatu, na siku ya nne ni ya kusherehekea. Mwaka 2020 kazi hiyo haikufanyika kwa sababu ya janga la korona, na Machi 2021 daraja lilikatika. Wanajamii walilisuka tena Juni mwaka huo.

Panda polepole

Lima, mji mkuu, uko pwani. Cusco uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani karibu mara mbili ya mwinuko wa Nairobi. Puno uko juu zaidi, kama mita 3,800. Anayetoka Lima kwa ndege hufika Cusco kwa muda wa saa moja na kitu, na mwili haupati nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Kichwa huuma, tumbo huchafuka na usingizi hukimbia.

Njia nzuri ni kushuka kutoka Cusco siku hiyohiyo na kulala kwanza katika Bonde Takatifu, kwa mfano Ollantaytambo, kwenye mita 2,800 hivi. Machu Picchu kwenyewe ni chini zaidi, mita 2,430, kwa hiyo unaweza kuanzia huko na kuiacha Puno iwe mwisho. Siku mbili za mwanzo pumzika, kunywa maji na usinywe pombe. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja na apelekwe hospitali.

Wenye ugonjwa wa selimundu, na hata wanaobeba chembe yake ya urithi bila kuugua, wamuone daktari kabla ya kulipa chochote. Vivyo hivyo wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu.

Wenyeji watakupa chai ya majani ya koka. Huko ni halali, lakini usibebe majani hayo kurudi nayo, kwani nchi nyingi huyahesabu kuwa dawa za kulevya.

Kulala kwa wenyeji

Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca, familia hupokea wageni majumbani mwao. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, na kofia humwonyesha aliyeoa na ambaye bado. Ukinunua kwa mfumaji mwenyewe, fedha hubaki kisiwani. Beba noti ndogo za sol, sarafu ya Peru, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Salamu ya Kiquechua ni "Allillanchu", na kujibu ni "Allillanmi".

Nyayo za Waafrika

Peru ilikomesha utumwa mwaka 1854. Katika mji wa El Carmen, kusini mwa Lima, wazao wa Waafrika hucheza ngoma ya Hatajo de Negritos wakati wa Krismasi, kwa fidla na mirindimo ya miguu. Kutoka kwao pia imetoka cajón, sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja. Mtakatifu Martin wa Porres, anayejulikana na Wakatoliki wengi wa kwetu, alizaliwa Lima mwaka 1579 na mama mwenye asili ya Afrika. Kaburi lake liko katika konventi ya Santo Domingo mjini humo.

Nyaraka na tiketi

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Lima. Mbali na masharti ya viza ya Peru, ulizia yale ya nchi utakakobadilishia ndege. Marekani, kwa mfano, humdai viza hata msafiri anayepita tu. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Tiketi za Machu Picchu zina idadi maalumu kwa siku, nazo huisha mapema, hasa Juni hadi Agosti. Zipate hizo kwanza, kisha ndipo ulipie treni na malazi.