Kikombe cha Pembeni: Karne Moja ya Kugombania Oili ya Lori

Fundi alilegeza nati moja, akainua kikombe cha chuma kutoka ubavuni mwa injini ya Scania, akakigeuza ili nione ndani. Ukutani paliganda tope jeusi linalong'aa, gumu kama lami iliyolala juani, unene wake si mbali na upana wa kidole gumba. Akalikwangua kwa kijiti, likadondoka mapande mapande kwenye karai. Tope lile, alinieleza, ni masizi ya dizeli na vumbi la chuma kilichosagika. Lisingenasa pale, lingekuwa linazunguka kwenye beringi za kranki.

Lori lenyewe halikuwa la mtu mzembe. Mwenye mali anaandika kila servisi kwenye daftari, anamwaga oili kwa wakati, na filta kubwa anabadilisha. Ila kikombe kile hakuna aliyekumbuka kukifungua. Hapo ni Kibaha, mji ambao kiwanda cha TAMCO kiliwahi kuunganisha malori ya Scania, na fundi wangu huyu alijifunza kazi kwa watu waliotoka kiwandani humo. Kwake yeye historia ya oili inaanzia kwenye kikombe hicho. Mimi nimelazimika kurudi nyuma kidogo zaidi.

Mwaka 1923, huko Marekani, mhandisi Ernest Sweetland, ambaye tayari alikuwa na jina kwa mitambo yake ya kuchujia viwandani, alishirikiana na George Greenhalgh kubuni chujio la oili kwa ajili ya gari. Wakaliita Purolator, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Mwaka uliofuata likafungwa kwenye gari la kwanza lenye jina la Chrysler. Hataza ya Sweetland ilitolewa 1929.

Siri yote imo katika lile neno "baadaye". Anayechuja tui anaielewa bila kufundishwa: chujio la matundu makubwa hupitisha haraka, na machicha yakapita; kitambaa hutoa tui safi, lakini hakitaki haraka. Injini haiwezi kusubiri kitambaa, kwa kuwa beringi ikikosa oili kwa muda mfupi tu imekwisha. Kwa hiyo oili nyingi ilipelekwa moja kwa moja kwenye kazi, na sehemu ndogo, pengine moja ya kumi au pungufu, ikachepushwa kupita kwenye chujio zito na kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Zamu baada ya zamu, yote husafika. Mafundi wa leo huliita chujio la baipasi.

Jeep za Vita Kuu ya Pili zilikuwa nalo. Baada ya vita likaja chujio la mkondo mkuu, linalopitisha oili yote kabla haijafika kwenye beringi, na mwaka 1954 ikaja filta ya kufunga kwa kuzungusha tunayoijua sote. Magari madogo yakaiacha baipasi. Hasara yake haikuonekana upesi. Filta inayopitisha oili yote kwa kasi hunasa vyema chembe za maikroni 20 hadi 40. Unywele wa mtu una kama 70. Chembe za maikroni 5 au 10, ambazo ndizo hupenya kwenye utando wa oili na kusaga chuma, nyingi huponyoka.

Kabla ya hapo lilitokea jambo lililovuruga hesabu. Mwaka 1935 kampuni ya Standard Oil ya California ilitoa oili ya dizeli yenye dawa ya kusafisha, ikaitwa Delo, kwa sababu ringi za pistoni za matrekta ya Caterpillar zilikuwa zinanata. Dawa ile hushika masizi na kuyaacha yaelee ndani ya oili yasigande. Injini ikawa safi, oili ikawa nyeusi. Machujio ya zamani yaliyojazwa udongo maalumu yakaanza kulaumiwa kwamba yanakula na dawa yenyewe.

Ndipo ulipokolea ugomvi wa karatasi ya chooni.

Huko California kulikuwa na chujio liitwalo Frantz. Ni kopo lililofungwa pembeni mwa injini, na ndani yake roli la kawaida la karatasi ya chooni, lile lile la dukani. Oili ilisukumwa ipite kati ya matabaka ya karatasi iliyobanwa, ikatoka upande wa pili imeacha masizi, tena imeacha na maji, maana karatasi hunywa maji. Wauzaji wake walisema mtu asimwage oili tena maishani: kila maili 2,000, yaani kama kilomita 3,200, abadilishe roli na kuongeza oili isiyofika lita moja, basi. Walichomoa kipimo cha oili mbele ya mteja, wakamwonyesha oili angavu.

Wapinzani walicheka, kisha wakakasirika. Nyuzi za karatasi zitaziba njia, walisema. Oili itajipasulia njia katikati ya roli na kupita bila kuchujwa. Na dhamana ya gari je? Wenye machujio wakajibu kwamba kampuni za mafuta haziwezi kumpenda mtu anayewafundisha watu kununua oili kidogo.

Nimeupima ugomvi huo na hukumu yangu ni hii: kwenye kuchuja, watu wa karatasi walikuwa sahihi. Mwaka 1988 uchunguzi uliofanywa General Motors ulionyesha kwamba kutoka filta ya maikroni 40 kwenda ya 15, kulika kwa injini kulipungua kwa asilimia 70. Kwenye "usimwage maishani" walikosea. Chujio haliitoi dizeli iliyovujia kwenye oili, wala halirudishi dawa ya kuua asidi ikiisha. Ile oili mpya kidogo waliyoongeza kila mara ndiyo iliyokuwa ikiwaokoa.

Jibu la heshima lilitafutwa Idaho. Kuanzia 2002 maabara ya taifa huko ilifunga baipasi kwenye mabasi ya dizeli yanayobeba wafanyakazi wake. Kawaida yalimwagwa oili kila maili 12,000. Sasa ilichukuliwa sampuli, ikapimwa, na vipimo ndivyo vikaamua. Zamu nyingi za kumwaga zilipita bila kumwaga.

Kwetu vifaa vipo tayari, na hilo ndilo linaloniuma. Volvo huja na filta tatu zimejipanga, ya tatu ni ya baipasi, na wapo wanaobadilisha mbili na kuiacha hiyo. Scania ina kikombe chake. Lori moja humeza lita 30 na zaidi za oili. Zikitoka, hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa, au humwagwa nyuma ya gereji, zikaingia ardhini tunakochimba visima. Sampuli ya kupeleka maabara haifiki hata kikombe cha chai, lakini madereva wengi wa masafa niliozungumza nao hawajawahi kuona ikichukuliwa.

Fundi aliweka karatasi mpya ndani ya kikombe, akakirudisha na kukaza nati. Akanieleza kinavyofanya kazi: oili huingia kwa presha, hutoka kwa matundu mawili madogo chini, na msukumo wake hukizungusha maelfu ya mizunguko kwa dakika, uchafu mzito ukarushwa ukutani. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akazima. Akainua kidole tunyamaze. Injini ilikuwa imelala, lakini kutoka ubavuni ulisikika mvumo mwembamba, kama wa nyuki mmoja, uliochukua muda kufifia. Kabla hajakifungua, aliniambia, alisikiliza hivyo hivyo na hakusikia kitu.