Kurudi au Kulowea? Waomani wa Zanzibar na Maisha Mapya ya Maskati baada ya 1970

Neno kulowea limeonewa. Vitabu vya historia vya skuli vimelifunga kwa Mzungu wa nyanda za juu za Kenya, mlowezi aliyekuja na hati ya shamba la watu, hata sasa ni vigumu kumwita mtu mwingine mlowezi bila ya kumtukana. Maana yake ya msingi haina ubaya huo. Kulowea ni kuhamia nchi ya ugenini na kukaa huko moja kwa moja, mpaka nchi ikuzoee nawe uizoee. Kitenzi hiki hakimuulizi mtu kazaliwa na nani. Kinamuuliza amefanya nini tangu alipofika. Kwa sababu hiyo kinawafaa watu ambao wao wenyewe, serikali yao na watafiti wengi wamezoea kuwaelezea kwa kitenzi kingine: Waomani waliozaliwa Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, ambao kuanzia mwaka 1970 inasemwa kwamba "walirudi" Omani.

Mtu hawezi kurudi asikowahi kufika. Wengi wa watu hawa walikuwa hawajaiona Omani kwa macho yao, na baadhi hata baba zao hawakuiona. Hoja yangu ni kwamba neno kurudi, pamoja na heshima yote linayowapa, limeficha kazi waliyoifanya: kazi ile ile ya mhamiaji yeyote aliyevuka bahari, ya kutafuta riziki, kujifunza lugha, kupata karatasi, na kuzoea kuitwa jina asilojichagulia. Damu iliwafungulia baadhi yao mlango. Kuishi ndani ya nyumba walijifunza wenyewe.

Tuanze na jina, kwani hapo ndipo mambo yalipogeuka juu chini. Tangu Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na hata baada ya Omani na Zanzibar kugawanywa kuwa dola mbili mwaka 1861, Waarabu hawakuacha kuvuka kutoka Omani kwa majahazi. Waliotangulia walikuwa na mashamba ya karafuu, nyumba za mawe, na baada ya vizazi viwili au vitatu walikuwa na Kiswahili tu cha kuotea ndoto. Waliofuata wakaitwa Wamanga. Mmanga alikuwa mwenye duka dogo shamba, mchuuzi, mtu wa kanzu iliyochakaa, ambaye Kiswahili chake kilichekwa na watoto wa Kiarabu wa mjini sawa na kilivyochekwa na wengine. Umbali huo haukuwa wa mzaha. Katika machafuko ya uchaguzi ya Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Wamanga wa mashamba. Basi nusu karne iliyopita, mtoto wa mjini aliyewahi kumcheka Mmanga kwa kuvunja Kiswahili alishuka Maskati akivunja Kiarabu, na wenyeji wakamwita Zinjibari. Jina lilibadilika herufi, likabaki na kazi ile ile: kumkumbusha mtu kwamba ametoka kwengine.

Kabla ya kufika huko palikuwa na kungoja. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuja mwezi mmoja na siku chache baada ya uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963. Waliouawa idadi yao inabishaniwa hadi leo, waliokimbia walitawanyika. Mtu angedhani kwamba Omani ingekuwa kituo cha kwanza. Haikuwa hivyo. Sultan Said bin Taimur, aliyetawala tangu 1932, aliibana nchi yake isiingiwe na mawazo mapya, na vijana waliosoma, wenye kuzungumza siasa za vyama na uchaguzi, hawakuwa wageni aliowataka. Malango ya Maskati yalifungwa usiku. Wengi wakaishia Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza. Naona miaka hiyo sita haipewi uzito unaostahili katika maandishi kuhusu jamii hii. Kama nasaba peke yake ingetosha kumrudisha mtu kwao, basi ingewarudisha mwaka 1964, walipoihitaji zaidi kuliko wakati wowote mwingine.

Kilichowafungulia ni mabadiliko ya mahitaji ya dola. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos alimpindua baba yake, Sultan Said, akawaita Waomani waliokuwa nje waje kuijenga nchi. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa mwaka 1967, lakini nchi ilikuwa na skuli 3 tu za kisasa, zote za wavulana, na kilomita 10 hivi za barabara ya lami. Vita vya Dhofar, vilivyoanza 1965, viliendelea mpaka katikati ya muongo uliofuata. Serikali ilihitaji makarani, walimu, wauguzi, wahasibu, wahandisi, maofisa wa usalama. Na kampuni ya mafuta na mabenki yalifanya kazi kwa Kiingereza. Zanzibar ya wakati wa ukoloni, kwa mabaya yake yote, ilikuwa imesomesha watu wa aina hiyo hasa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Omani ilimpa Mzanzibari jembe siku ya kwanza, na ni jembe hilo lililomfanya akae.

Wanawake wanastahili aya yao peke yao, maana hadithi ya kurudi husimuliwa mara nyingi kwa majina ya makabila, na majina ya makabila ni ya wanaume. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Omani ya 1970 haikuwa na hata moja. Kwa hiyo mwanamke aliyefika Maskati kutoka Zanzibar, aliyepita skuli ya serikali na pengine chuo cha ualimu, alikuwa kitu kipya machoni pa wenyeji: anashika chaki, anapiga taipu, anapima shinikizo la damu, na anapokea mshahara wake mwenyewe. Aliheshimiwa kwa elimu, akasemwa kwa mavazi, kwa sauti yake na kwa namna alivyochanganyika na wanaume kazini. Katika nyumba nyingi yeye ndiye aliyeubeba uhamiaji pande zote mbili: mchana anasomesha mabinti wa nchi mpya, jioni anawafundisha wanawe kumwamkia bibi yao "shikamoo". Kumwita mwanamke huyo aliyerudi ni kumnyima sifa ya jambo jipya alilolianzisha.

Na lugha. Hapa ndipo penye maumivu ambayo neno kurudi haliwezi kabisa kuyaeleza. Mtoto wa Kiarabu wa Unguja alipelekwa chuoni mdogo, akahitimu Kurani, akajua herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kizungu. Barua za nyumbani pengine ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo. Aliweza kusoma Yasini bila ya kutazama msahafu, lakini hakuweza kubishana bei ya samaki katika soko la Matrah. Ofisini Kiingereza kilimtukuza. Nje ya ofisi, mlinzi wa mlangoni alimzidi kauli. Waliopitia Misri walikuja na Kiarabu cha Kairo, nacho kilichekesha kwa namna yake. Fedheha hiyo ilikuwa na uchungu wa pekee kwa sababu ya jina. Mhindi au Mwingereza asiyejua Kiarabu hakuulizwa. Aliyeitwa al-Harthi au al-Barwani aliulizwa, na swali lenyewe lilikuwa shutuma: Mwarabu gani wewe? Mhamiaji wa kawaida husamehewa ulimi wake. Aliyepewa cheo cha aliyerudi hukosa hata msamaha huo.

Methali ya mwacha asili ni mtumwa ilirushwa kutoka pande zote mbili. Wapo waliowaambia kwamba kwa kushikilia Kiswahili wameiacha asili ya Kiarabu. Wapo, Unguja na Maskati, waliowaambia kwamba kwa kukikimbilia Kiarabu wameiacha lugha ya mama, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke wa Kiswahili, wa Kinyamwezi au wa Kimanyema. Methali haikusema ni ipi asili pale zinapokuwa mbili.

Kuhusu karatasi: uraia wa Omani ulikwenda kwa baba na kwa kabila, na shekhe wa kabila aliweza kumtolea mtu ushahidi. Chukua majirani wawili wa Mji Mkongwe, waliosoma darasa moja na kukimbia usiku mmoja. Mmoja baba yake ni wa ukoo wa Ibra au Nizwa, huko Omani. Mwengine baba yake ni Mngazija au Mshirazi. Wa kwanza ni Muomani aliyerudi. Wa pili, mwenye Kiarabu bora kuliko cha mwenzake pengine, ni mgeni tu. Binti wa ukoo huo huo wa Ibra akiwa ameolewa na Mngazija, watoto wake hawafuati damu yake. Kwa kuwa Omani haikubali uraia pacha, wala Tanzania haikubali, aliyeingia mlango mmoja alifunga mwengine nyuma yake.

Hata nasaba tukufu kuliko zote haikumtosha mwenyewe. Jamshid bin Abdullah, Sultan wa mwisho wa Zanzibar, alikuwa wa ukoo wa Al Busaid, ukoo mmoja na Qaboos. Baada ya kupinduliwa alikataliwa kushuka Mombasa, akapita Dar es Salaam, akafikia Uingereza, na akaishi Portsmouth zaidi ya miaka 50. Maombi yake ya kukaa Omani yalikataliwa kwa sababu za kiusalama. Aliruhusiwa Septemba 2020, akiwa na miaka 90 na ushei, na akafia Omani Disemba 2024. Karani wa benki alirudi mwaka 1971. Sultani alisubiri nusu karne. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba aliyeamua nani arudi na lini ni dola, na kwamba iliamua kwa mahitaji na hofu zake za wakati ule.

Atakayenipinga ataniambia kwamba nimewasahau jamaa. Ni kweli, wapo waliofika wakapokewa na ami zao, wakaonyeshwa mitende ya babu na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Jimbo la Sharqiya lina koo ambazo mguu mmoja ulikuwa Ibra na mwengine Unguja kwa vizazi, na wazee wao waliozungumza Kiswahili kabla ya 1964 na baada yake. Siwezi kuwafuta hao. Lakini hata wao, wengi hawakukaa kwenye mitende. Walikwenda palipo na ajira, Maskati na vitongoji vyake, mahali ambapo ukoo haukuwa na historia yoyote, wakajenga mitaa mipya kandokando ya watu waliotoka Bujumbura, Kigali, Kongo, Tabora na Mombasa. Ujamaa uliwapa pa kufikia. Pa kukaa walipatafuta kama watafutavyo wahamiaji wengine, kwa kuwafuata waliotangulia wenye lugha moja nao.

Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, na hapa nina maoni yanayotofautiana kidogo na ya walionitangulia. Marc Valeri, katika makala yake ya 2007 katika jarida la African Affairs, amewachambua Waomani wasemao Kiswahili kama jamii inayotafuta utambulisho wake ndani ya taifa linalojengwa. Nafla Kharusi naye ameandika juu ya uzito wa jina Zinjibari na uchaguzi wa lugha. Kazi zote mbili ni muhimu. Ila Kiswahili ndani yake huonekana zaidi kama alama inayomtenga mtu, na mimi nakiona pia kama chombo cha kulowea. Kiswahili ndicho kilichomwezesha mtu wa Wete na mtu wa Bujumbura, ambao Afrika wasingekutana, kufanya mtaa mmoja Maskati. Kuazimana fedha, kuposeana watoto, kuzikana. Ndicho kilichopeleka habari ya nafasi ya kazi na ya nyumba ya kupanga. Na nchi nayo ilijibu: Muomani asiyewahi kukanyaga Afrika leo anakula mishkaki na mandazi na kuyaita karibu kwa majina hayo hayo. Nchi inapochukua jina la chakula chako, imeanza kukuzoea.

Wajukuu ni habari nyengine. Wamesomeshwa kwa Kiarabu katika nchi ambayo Sheria yake ya Msingi inakitaja kuwa lugha rasmi. Bibi akisema kwa Kiswahili hujibu kwa Kiarabu. Kwao swali la Mwarabu gani wewe limefifia. Kizazi cha kati, kilichofanya kazi yote, ndicho kinachoondoka.

Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Unguja akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amewaandika kwa undani Wazanzibari walioishia Uingereza: baridi, aibu, ukimya. Tunawasoma kama wahamiaji kwa kuwa hakuna aliyewaita waliorudi. Wenzao wa Maskati walipita mengi ya hayo hayo, wakakosa jina la kuyasemea. Aliyeshuka Maskati mwaka 1971 akiwa na miaka 25 sasa yu karibu na miaka 80 au ameipita. Nawaomba wenzangu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam na wa vyuo vya Omani waende wakawarekodi, wanawake kwanza, na wawaulize kwa Kiswahili. Swali la kwanza lisiwe walirudi lini. Liwe walifikia kwa nani, walilipwa kiasi gani, na nani aliwafundisha kununua samaki Matrah.