Kumbukumbu za Mhubiri wa Mpakani: Charles New na Sauti za Kiswahili Kitabuni Mwake



Utangulizi

Sisi tunaoshughulikia historia ya Kiswahili tumezoea kutafuta ushahidi wetu katika tendi, katika tarehe za miji ya pwani na katika barua za hati ya Kiarabu. Iko hazina nyingine ambayo tumeipa nafasi ndogo, nayo ni kumbukumbu za wahubiri wa Kizungu walioishi bara ya Mombasa katika karne ya 19. Katika mhadhara huu nitamjadili mmoja wao, Charles New, Mmethodisti aliyechapisha mwaka 1873 kitabu kiitwacho Life, Wanderings, and Labours in Eastern Africa. Hoja yangu ni kwamba, ingawa kitabu hicho ni cha Kiingereza, sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo, pamoja na baadhi ya dharau zilizomo, New aliyapokea kutoka vinywani mwa watu wa pwani. Asiyelitambua hilo atampa mtu mmoja sifa ya kazi ya wengi.

Maisha yake

New alizaliwa Uingereza mwaka 1840. Misheni aliyoitumikia ilikuwa ya tawi la Wamethodisti lililoundwa mwaka 1857, nayo ilianzishwa Ribe mwaka 1862 na Thomas Wakefield kwa uongozi wa Johann Ludwig Krapf. Afya ya Krapf haikumruhusu kukaa. Alirejea Ulaya, na mwaka uliofuata New akaja kuungana na Wakefield.

Kwa wahubiri hao Ribe ilikuwa mpakani. Nyuma yao ilikuwako Mombasa, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mbele yao nchi ambayo ramani za Ulaya ziliiacha tupu. Kwa Waribe wenyewe, hata hivyo, hapo palikuwa nyumbani, wala nchi ya mbele haikuwa tupu kwa wafanyabiashara waliozikanyaga njia zake.

New alisafiri na Wakefield hadi kwa Waoromo. Mwaka 1871 aliukwea Kilimanjaro hadi penye theluji, na pia akaliona ziwa Chala. Mwaka 1872 alijiunga na msafara uliotumwa kumtafuta David Livingstone, msafara uliovunjika baada ya kupatikana habari kwamba Stanley alikwisha kumwona. Alikwenda Uingereza, akachapisha kitabu chake, kisha akarudi Afrika. Alifariki Februari 1875, njiani akitoka Uchaga kuelekea pwani, akiwa na umri wa miaka 35.

Waliosema na aliyeandika

Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha makala ya Wakefield kuhusu njia za misafara itokayo pwani kwenda bara. Wakefield hakudai kwamba alizipita njia hizo. Alieleza waziwazi, katika anwani yenyewe, kwamba habari nyingi alizipata kwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gazi katika nchi ya Wadigo. Majina ya vituo aliyatia alama za mkazo, kama mtu anayeandika asikiavyo. Msomaji mwenye sikio la Kiswahili huona mara moja kwamba nyuma ya karatasi hizo yumo kirongozi anayehesabu safari yake, kituo baada ya kituo. Ramani ilikuwa kichwani mwa Sadi kabla haijafika London.

Sadi huyohuyo ndiye aliyemwongoza New kwenda Uchaga mwaka 1871. Na New alipofika penye theluji hakuwa peke yake. Alikuwa na Tofiki, mwenzake wa Ribe. Vitabu vingi vilivyofuata vimemtaja New na kumwacha Tofiki.

Jambo hilo lilikuwa na mtangulizi wake. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake aliutaja kwa neno moja tu, “baridi”. Wanajiografia wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, ilhali Kiswahili cha msafara kilikwisha kulisemea jambo hilo.

Majina na dharau

Hata hivyo, tusijipendelee. Pamoja na maarifa, pwani ilimpa mhubiri majina yake ya kuwaita watu. New anawaita majirani zake wa Ribe “Wanika”, yaani Wanyika, watu wa porini. Hilo ni jina la mtu aliyesimama mjini akitazama bara. Wenyewe walikuwa Waribe, Warabai, Wagiriama, Wadigo na wengineo; jina la pamoja la Mijikenda lilienea katika miaka ya 1940. Vivyo hivyo, mtawala wa Moshi, Rindi, aliingia vitabuni kwa jina alilojulikana nalo pwani, Mandara.

Suala la utumwa lina ugumu zaidi. New alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na kitabu chake kilitoka mwaka uleule soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa. Lakini misafara ya zama hizo ilitegemea wapagazi wa pwani, na miongoni mwa wapagazi walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao na kugawana nao ujira. Njia iliyompeleka mhubiri bara ndiyo iliyoteremsha pembe na watu hadi pwani.

Hitimisho

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na wasafiri wa pwani wakasimulia safari zao kwa lugha yao wenyewe. Kizazi cha Sadi na Tofiki hakikuipata bahati hiyo; kumbukumbu zao zimehifadhiwa ndani ya kumbukumbu za watu wengine. Kwa hiyo, vitabu kama cha New visitupwe kwa sababu ni vya wageni, wala visinukuliwe kana kwamba mwandishi ndiye shahidi pekee. Kila tunapofungua ukurasa wake tuulize: habari hii aliisikia kwa nani, na kwa lugha gani? Kazi ya kulijibu swali hilo inamhitaji mwanaisimu sawasawa na mwanahistoria, nami nawaachia vijana wetu waifanye.