Dawa za Maumivu ya Mgongo: Zilitoka Wapi?

 

Mama ameteka maji, amelima, amembeba mtoto mgongoni, na jioni kiuno kinauma. Anamtuma mtoto dukani alete tembe mbili za maumivu. Ukimwuliza kesho yake kliniki alimeza nini, atakujibu, "Zile nyeupe." Basi nyeupe ni nyingi, mama, na kila moja ina asili yake na hatari yake. Ukijua dawa ilikotoka, utaelewa kwa nini sisi wauguzi tunakusumbua na maswali.

Tuanzie Uingereza. Kasisi mmoja wa Chipping Norton aitwaye Edward Stone alionja gamba la mwerebi, ule mti wa kando ya vijito unaotajwa katika Biblia, akaliona chungu kama gamba la kwinini. Sisi tuliolelewa kwa mwarobaini hatuwezi kumcheka. Alikausha magamba hayo karibu na tanuri la mkate kwa miezi mitatu, akayasaga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa. Wengi walipata nafuu, naye mwaka wa 1763 akaiandikia barua Royal Society ya London.

Mwaka wa 1828 Johann Buchner wa Ujerumani alifaulu kutoa ndani ya gamba hilo kile kitu chenye uchungu. Baadaye wataalamu walitengeneza asidi yake, nayo ilituliza maumivu ya viungo vizuri sana, ila iliunguza tumbo. Ndipo Agosti 1897, katika kampuni ya Bayer, Felix Hoffmann akaibadilisha kidogo ili iwe pole. Iliuzwa kuanzia 1899 kwa jina Aspirin. Mwenzake, Arthur Eichengrün, aliandika mwaka wa 1949 kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa maagizo yake, na wanahistoria wanabishana hadi leo.

Sikiliza jambo hili. Wiki mbili hivi baada ya Aspirin, Hoffmann huyo huyo alitengeneza dawa nyingine kutokana na mofini. Bayer waliiuza kama dawa ya kikohozi, wakaiita Heroin. Naam, heroini hii hii inayoharibu vijana wetu. Ndugu zake wa karibu ni kodeini na tramado. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa za jamii hiyo zisitumiwe kwa mazoea kutibu maumivu sugu ya kiuno. Kwa hiyo jirani akikugawia tramado yake, mshukuru na umrudishie.

Kwa miaka zaidi ya 70 watu walimeza Aspirin bila kujua inavyofanya kazi. Mwaka wa 1971 John Vane, huko London, aligundua kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani vitu vinavyoleta maumivu na uvimbe. Alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982. Lakini vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Sasa unaona vidonda vya tumbo vinakotoka.

Ibuprofeni, iliyotengenezwa na Stewart Adams na wenzake mjini Nottingham na kuanza kutumika Uingereza mwaka wa 1969, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Diklofenaki pia. Ukimeza ibuprofeni asubuhi na diklofenaki mchana, hukubadilisha dawa. Umeongeza ile ile. Zimeze baada ya kula, kwa siku chache tu, na ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au presha, uliza kwanza. Mama mjamzito asizimeze bila kuandikiwa, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa maana zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anamoelea. Na mtoto mwenye homa usimpe Aspirin. Tangu 1986 Uingereza iliwakataza watoto dawa hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini.

Paracetamol nayo ilitengenezwa mwaka wa 1878, ikasahaulika karibu kabisa, hadi Bernard Brodie na Julius Axelrod walipoifufua huko New York mwaka wa 1948. Ndiyo tunayompa mama mjamzito kwanza. Lakini niseme ukweli: utafiti wa Australia wa mwaka wa 2014, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ulionyesha kwamba haikuharakisha kupona kwa maumivu ya kiuno kuliko tembe zisizo na dawa. Isipokusaidia, usiongeze. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, kwa sababu ini huharibika kimyakimya. Na zile tembe za mchanganyiko za dukani, nyingi zina paracetamol ndani. Soma pakiti, au msomeshe mtoto akusomee.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua kwa wiki chache, hasa ukiendelea kutembea na kazi nyepesi badala ya kulala kitandani. Lakini mwaka wa 1779 daktari Percivall Pott wa London alieleza juu ya watu ambao mgongo ulipinda na miguu kupooza. Leo tunajua ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapa kwetu bado tunakiona. Mgongo ukiuma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda hospitali ukapimwe. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hayalipiwi. Na ukifa ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au miguu ikilegea, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.