Kirimara Inapopambazuka

Kabla ya kamera kutengenezwa popote duniani, Wameru walikuwa wamekwisha kujipa majina ya mwanga. Wazee husimulia kwamba mababu walitoroka utumwa kule Mbwaa, mwambao wa Bahari ya Hindi, wakavuka maji kwa makundi. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka kulipopambazuka wakawa Ntune, wekundu. Waliochelewa hadi mchana wakawa Njeru, weupe. Aliyewahi kukesha na kamera akilingoja jua anazijua rangi hizo, tena kwa mpangilio uleule.

Kamera ilichelewa kufika. Ufundi wa picha wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839. Miaka 10 baadaye, tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara, akiwa Kitui; hakuwa na picha, na wataalamu wa Ulaya walimkatalia: theluji kwenye ikweta? Mwaka 1899 msafara wa Halford Mackinder ulipiga picha mlimani na kufika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba, lakini ulipandia magharibi. Mashariki, kwa Wameru na Waembu, ambako miale ya kwanza hugonga mawe ya Kirimara, haikuwa njia yao.

Usiku wa uhuru, Desemba 1963, mpanda milima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana cha mlima huo. Hata leo wapandaji huianza safari ya mwisho usiku wa manane ili jua liwakute pale juu, mita 4,985.

Enzi za filamu ya picha 36, nani angezipoteza kwa jua ilhali harusi inangoja? Simu imetuondolea uchoyo huo, na mimi nauona ni ukombozi mkubwa. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hupanda wima: wekundu ni wa dakika chache tu. Ikifika saa nne, mara nyingi mawingu yamekwisha kuufunika mlima. Julai ukungu huweza kukunyima hata hizo dakika. Usikate tamaa, rudi kesho.

Kijana wa Nkubu, wa Maua, wa Mikinduri: muulize babu yako ukoo wenu ulivuka maji wakati gani. Kisha kesho amka saa kumi na moja alfajiri, utoke nje na simu yako.