Mwana wa Kahawa, Mama wa Mjini

Ukitaka kumchokoza msee aliyesoma KU, achana na mambo ya raga. Muulize tu hivi: wanafunzi wenu wa kwanza kupata digrii walipewa digrii ya chuo gani? Utamwona anatafuta njia ya kubadilisha stori. Jibu ni Chuo Kikuu cha Nairobi.

Swali hili nimelichokoza kwa matatu, kwa kibanda cha chai, na mara moja kwenye matanga (hapo nakiri nilikosea). Kila mara linaleta kelele ileile. Kutoka bewa kuu la UoN pale mjini hadi geti la KU pale Kahawa haifiki kilomita 20, Thika Road moja kwa moja, lakini ukiwasikiliza wenyewe utadhani kuna bahari katikati. Ni utani, na wazee wetu walijua kwamba utani hauchezwi na mgeni. Mtani wako ni mtu mnayehusiana, anayejua pa kukuguza.

Tuanze na mama. UoN ilizaliwa kama Royal Technical College, ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956, enzi za mkoloni. Ndani yake kulikuwa na mchango mkubwa wa jamii ya Wahindi, waliotaka chuo cha kumkumbuka Gandhi. Kwa hivyo hata mama ana mama zake. Wanafunzi wake walifanyia digrii za University of London, kisha kuanzia 1963 kikawa tawi la University of East Africa pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Kilipata jina lake na uhuru wake mwaka 1970.

Na mwana? Kahawa ilikuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza, Templer Barracks. Waingereza waliikabidhi kwa serikali ya Kenya mwaka 1965, na mahali pa bunduki pakawekwa madawati. Kikaitwa Kenyatta College: huku vijana wa kidato cha tano na sita, kule walimu watarajiwa. Napenda sana hiyo picha. Juzi askari wa malkia walikuwa wakipiga saluti hapo, leo mtoto wa mkulima anaandika somo la mfano ubaoni.

Mwaka huohuo wa 1970, UoN ilipopata uhuru wake, Kahawa ilifanywa chuo kishiriki chake. Wanafunzi 200 wa kwanza wa digrii ya elimu waliingia 1972. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia, kama utaniuliza. Unalala Kahawa, unakula Kahawa, unasomea Kahawa, halafu siku ya mwisho karatasi inasema Nairobi. Ikaendelea hivyo miaka mingi. Mwaka 1978 Kitivo cha Elimu chote kikahamishwa kutoka mjini hadi Kahawa. Kwa hivyo mama alibaki na udaktari, uanasheria na uhandisi, mwana akakabidhiwa chaki.

Tangu hapo tusi la UoN kwa KU likawa neno moja: walimu. Hebu fikiria. Nchi ambayo kila kijiji kilimchangia mtoto wa mtu pesa ili awe mwalimu, neno hilo likageuka tusi kwenye mdomo wa msomi. Sidhani waliolitumia walikuwa wabaya. Walikuwa wanarudia kile serikali na mshahara vilikuwa vishasema. Na cha kuchekesha ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 UoN wenyewe walirudi kufundisha walimu, kule Kikuyu. Watu wa KU hawajawahi kulisahau hilo, na mimi pia nisingelisahau.

Lakini kulikuwa na wakati utani ulinyamazishwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, serikali haikuuliza nani ni wakili mtarajiwa na nani ni mwalimu. Mjini na Kahawa kulifungwa kwa pamoja, wanafunzi wakarudishwa mashambani, wakaripoti kwa machifu, wakasubiri takriban mwaka mzima. Shangazi yangu alikuwa Kahawa wakati huo. Alikaa nyumbani akichuna kahawa ya babu, na anasema jina la bewa lake lilimfuata hadi kiandani.

Miaka mitatu baadaye mwana akahama. Septemba 1985 sheria ya Kenyatta University ilianza kazi, Desemba 17 chuo kikazinduliwa. Sasa kelele zikawa na uwanja. Kwenye raga UoN wana Mean Machine, iliyoundwa 1977 na msimu huohuo ikabeba Kenya Cup mbele ya klabu kongwe kama Nondescripts. KU wana Blak Blad. Kuna hoja ninayoipenda: 1977 Kahawa bado ilikuwa sehemu ya UoN kwenye karatasi, kwa hivyo kombe lile lilikuwa lao pia. Sijapata mtu hata mmoja wa KU anayeikubali. Wao hujibu kwamba chuo cha mjini kimemwagika, mara Chiromo, mara Kabete, mara Parklands, huku wao wana geti na shamba.

Mimi sina timu. Niliacha masomo mwaka wa tatu karo ilipokataa kutimia, na si katika chuo chochote kati ya hivi viwili. Labda ndiyo maana nasikiliza utani huu kwa wivu kidogo. Kuna raha ya kutukanwa kwa sababu ya mahali ulipo.

Krismasi iliyopita tulikuwa kwa shangazi. Cheti chake kiko ukutani sebuleni, jina la Nairobi likiwa limeandikwa wazi. Mumewe, injinia wa UoN, akakinyooshea kidole kama kila mwaka. “Mwalimu, tuambie tena ulisoma wapi.”

“Kahawa,” shangazi akasema, bila kuangalia ukuta.

Binamu yangu, anayesoma JKUAT pale Juja, akacheka akasema KU na UoN wapambane tu, wao wana mambo yao ya teknolojia na hawahusiki. Shangazi akaweka sahani chini.

“Wewe nyamaza. Kuanzia 1988 hadi 1994 mlikuwa chuo kishiriki chetu.”